Uso wa Hunuro, Msagaji wa Rangi

Ndugu waombolezaji, mafundi wenzetu wa kijiji hiki cha Mahali pa Haki, majirani wa kulia na wa kushoto, mama zetu mliojipaka tope tangu siku ile hadi leo, tunaomba mlango ufungwe na akina mama wapunguze sauti kidogo, ila wasinyamaze kabisa, maana askari wa langoni akisikia kimya cha ghafla kwenye msiba atajiuliza kuna nini. Mimi ni Nebra, mume wa Wabeti, mkwe wa marehemu, na familia imenituma nisome historia hii kwa sababu mzee wetu Kenna, mume wa marehemu, sauti imemkauka, na pia kwa sababu, walivyosema wenyewe, mimi ni mwoga kuliko wote kwa hiyo sitatia chumvi. Nimeiandika kwa wino wa masizi juu ya kipande cha jiwe, na nikimaliza kitaoshwa hapa hapa mbele yenu, wino uingie mchangani. Anayeogopa kusikia anaruhusiwa kutoka sasa akaangalie mikate, hatutamlaumu, hata mimi ningekwenda naye.

Marehemu Hunuro binti Pashedi alizaliwa mwaka wa tano wa utawala wa mfalme aliyekuwa babu yake mfalme wetu wa sasa, mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya kumi na tisa, katika nyumba ya tatu kutoka lango la kaskazini, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Pashedi mchonga mawe na mkewe Tuyi, mkunga wa kijiji hiki, ambaye wengi wenu mlipokelewa na mikono yake. Alitoka na uso mpana juu na mwembamba kidevuni, macho yaliyoinuka pembeni, na pua ndogo iliyonyooka, na Tuyi akamgeuzageuza akasema, "Huyu pua hii kaitoa wapi?", na watu wakacheka, wala hakuna aliyedhani kwamba pua hiyo siku moja ingetunyima sisi sote usingizi.

Elimu yake aliipata kwa mama yake, kwa maana ya kusaga ngano, kuumua mikate na kuchuja pombe, na kwa baba yake alijifunza alama arobaini za maandishi, akaishia hapo kwa sababu baba alisema zinamtosha kusoma majina ya watu wa nyumbani. Mwaka wa kwanza wa hesabu ya sasa, ya mfalme wetu huyu, mwezi wa tatu wa kupanda, siku ya nne, akiwa na miaka kumi na sita, alihamia nyumbani kwa Kenna, mchora mistari ya mwanzo ya picha katika kundi la kulia la mafundi, akiwa na kitanda, jiwe la kusagia na mitungi miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa arusi yao, nao walikaa pamoja miaka arobaini na mitano bila kutengana hata wiki moja, ukiondoa wiki mnazozijua ambapo mzee alilala kwa dada yake kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe.

Kazi ya marehemu ilikuwa kusaga rangi. Alisaga udongo mwekundu, udongo wa manjano na masizi, akachanganya na gundi, akapeleka makaburini kwa vyungu, na wachoraji wa pande zote mbili walisema manjano yake haina chenga hata moja. Mnajua sheria ya kazi yetu, mwanamke hupakwa manjano na mwanamume hupakwa nyekundu, na aliyekufa huchorwa kijana hata kama alikufa akitembea kwa magongo, kwa sababu mwili uliochorwa ndio atakaoishi nao kule. Haya yote ninayataja mapema kwa sababu yana kazi huko mbele.

Sasa ninafika mahali ambapo jasho linanitoka, kwa hiyo mnivumilie. Katika miaka ile ng'ambo ya Mto alitawala yule Bibi, jina lake sitalitaja, ninyi mnalijua na kuta zililijua kabla hazijakwanguliwa. Alizaliwa binti wa mfalme, akaolewa na mfalme, akafiwa na mfalme, akaketi kwenye kiti kumshikia nafasi mtoto wa mke mwenzake, ndiye mfalme wetu wa sasa, aliyekuwa bado ananyonya, na alipoketi hakunyanyuka miaka ishirini na tatu. Aliinua nguzo za jiwe moja zilizovikwa dhahabu kichwani, alijaza maghala hata miaka ambayo Mto ulikuja mdogo, na majemadari wenye makovu walikuwa wakimwona wanalala kifudifudi sakafuni na kunusa vumbi. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kumtazama. Kenna aliwahi kupelekwa mbele yake mara moja, akalala kwa tumbo muda wote, na alichokiona ni vidole vya miguu, kimojawapo kina sugu.

Mwaka wa sita, mwezi wa tatu wa kiangazi, siku ya pili, ikulu ilituma kichwa cha chokaa, kielelezo cha uso wa Bibi, kilichotengenezwa na fundi wa ndani, ili Kenna akinakili kwenye ukuta wa hekalu jipya na wenzake wote wanakili kwake. Punda aliyekibeba aliteleza pale kwenye kona ya kisima. Mwenye punda alitazama, akatazama tena, akakimbia hadi leo. Kenna alifungua majani ya kufungia akakuta masikio mawili na taji, katikati yake unga.

Wale vijana ambao hamkuwepo, jueni kwamba adhabu ya kuvunja uso wa mfalme ilikuwa kukatwa pua na masikio na kupelekwa kuchimba mawe jangwani, na huko harudi mtu. Kenna aliingia ndani amebeba unga ule kwenye nguo, na marehemu akamuuliza, "Wewe si ulimwona? Unakumbuka nini?" Akajibu, "Vidole." Marehemu akasema, "Basi wachoree vidole, baba," wakacheka kicheko kibaya kile cha watu waliokwisha kupotea, halafu Kenna akamtazama mkewe.

"Kaa hapo kwenye mwanga," akamwambia.

"Kenna, usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie nini? Mkono wangu haujui uso mwingine wa mwanamke. Kaa."

Alikaa siku tatu, na alituambia mwenyewe kwamba kila mstari uliochorwa alihisi kama kitu kinatolewa kwake na kupelekwa mahali asipopajua. Kichwa kipya kilipelekwa ng'ambo kuombewa idhini, nao wakafunga mizigo, wakalala na viatu miguuni usiku kumi na mmoja wakingoja askari. Badala ya askari ilikuja bangili ya shaba na maneno ya Bibi yaliyosomwa na karani, kwamba fundi huyu peke yake ndiye aliyemwona, na kwamba kuanzia siku hiyo uso huo ndio uso wake katika nchi nzima. Basi kosa likawa amri. Uso wa Hunuro ukachongwa langoni, ukachongwa juu ya nguzo, ukapelekwa kusini hadi kwenye maporomoko na kaskazini hadi baharini, na sisi wa familia tukawa na siri ambayo kila mwenye macho aliiona.

Kwanza, kwenye kuta, Bibi alipakwa manjano akiwa na gauni, kama mwanamke. Baadaye Bibi akaona watu wa nchi za nje wanaheshimu kidevu chenye ndevu, akaamuru apakwe nyekundu, avikwe kitambaa cha kiunoni kama mwanamume, kifua kiwe tambarare na ndevu zifungwe kidevuni. Marehemu ndiye aliyesaga ile nyekundu. Alimwambia jirani yetu Nofri, "Shoga, leo wamenipa ndevu, kesho watanitahiri," na Nofri akamziba mdomo kwa mkono wenye unga wa ngano, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya pekee marehemu kulitania jambo hilo nje ya nyumba.

Mwaka wa kumi na nne, mwezi wa kwanza wa kupanda, siku ya ishirini na sita, Bibi alikuja mwenyewe kulikagua kaburi lake. Marehemu alikuwa amepeleka chungu cha rangi mlangoni mwa pango, njia ikafungwa na wapunga mapepeo wa msafara wake, hakupata pa kukimbilia, akaanguka kifudifudi hapo hapo na rangi ikammwagikia mikononi. Miguu ikaja, ikasimama karibu na kichwa chake, na aliona kidole chenye sugu, akajua sugu lile kwa masimulizi ya mumewe.

"Ndiye anayesaga rangi yangu?" sauti ikauliza. "Inua uso."

Aliinua. Mpunga pepeo mmoja alishtuka hata pepeo likamponyoka, kwa sababu alikuwa amezoea kuuona uso ule kwenye mawe, na sasa ulikuwa unahema. Marehemu alituambia kwamba Bibi mwenyewe alikuwa mwanamke wa mashavu mazito, shingo ina ukurutu, macho ya mtu asiyepata usingizi, hafanani na kuta zake hata kidogo. Aliinama, akamgusa marehemu ncha ya pua kwa kidole kimoja.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa, Mtukufu."

"Usizeeke," Bibi akasema. "Mimi nimekatazwa." Akapita, akaingia kaburini, na hakulitaja jambo hilo tena.

Kuanzia siku hiyo marehemu aliishi chini ya amri ile. Ninyi mlimwona akijifunika mtandio hata kiangazi, akijipaka mafuta ya mronge asubuhi na jioni, akikataa kuketi juani, mkamwita mwenye maringo. Hayakuwa maringo, jamani. Alikuwa akiogopa kila kunyanzi, na kunyanzi la kwanza lilipotokea chini ya jicho la kushoto alikificha kioo chake cha shaba chini ya kitanda, akakaa siku mbili akingoja kukamatwa.

Marehemu alijaliwa watoto watatu, wawili wa kiume walitangulia wakiwa wachanga, na mmoja wa kike, Wabeti, aliyezaliwa mwaka wa kumi na saba, mwezi wa nne wa mafuriko, siku ya tano. Tuyi alipomweka mtoto kifuani pa mama yake na mama akaiona ile pua, hakufurahi kama wazazi wengine, alilia, na Tuyi akadhani ni uchungu bado. Wabeti alifunga ndoa nami mwaka wa thelathini na nne, na tumempatia marehemu wajukuu watatu, na ninashukuru miungu wote kwamba wamefanana na mimi.

Yule Bibi alifariki mwaka wa ishirini na nne, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyegusa kitu, tukaanza kupumua. Halafu mwaka wa arobaini na tatu, mwezi wa pili wa kiangazi, siku ya kumi, ilikuja amri kwamba hesabu ya wafalme iende kutoka babu hadi baba hadi mjukuu bila mwanamke katikati, jina lile lichongwe litoke, na uso ule uvunjwe popote ulipo, na atakayeuchora upya au kuuhifadhi, hata chunguni, hata kwenye jeneza, atajuta. Walichaguliwa mafundi kumi na wawili kutoka kijiji hiki. Kenna alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu aliujua uso ule kuliko wote. Mimi nilikuwa wa tisa.

Ninyi ni watu wa kazi, sina haja ya kuwaeleza kwamba sanamu iliyofunguliwa kinywa kwa ibada inapumua, na kwamba anayetaka kuiua huanza na pua. Tulianza na pua. Nilisimama juu ya jukwaa la miti, na patasi mkononi, natazamana na mama mkwe wangu akiwa na miaka ishirini na moja, ananitazama kama anataka kuniuliza nimekula, na nikapiga. Nilipiga nyingine, na nyingine. Sikukataa, sikupunguza nguvu, niliogopa, na leo ninalisema mbele ya jeneza lake ili asilisikie kwa mtu mwingine.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi uleule. Kila jioni mumewe aliporudi amejaa vumbi jeupe, alimuuliza, "Leo ngapi?" naye alijibu, "Thelathini na moja," au "Ishirini na nane," na marehemu alijishika pua kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Pumzi ilianza kumwishia. Kwanza alishindwa ngazi, baadaye alishindwa jiwe la kusagia, mwisho alishindwa kulala chini, akawa anakaa ameegemea ukuta akivuta hewa kwa sauti. Tabibu wa kundi alimpa asali, akamfukizia majani juu ya jiwe la moto, akamweka hirizi ya shingo, kisha akatuita pembeni akasema kifua hakina kitu, ni hofu, nayo hana dawa yake. Mzee Kenna alijaribu kumdanganya kwamba nyuso bado ni nyingi. Siku tulipomaliza ilikuwa jumla mia nne na kumi na mbili, na marehemu alimtazama tu mumewe akaelewa.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mke wangu."

"Basi nitakwenda kule na uso gani?" akauliza. Hakuwa akiogopa kufa. Aliogopa kufika kule hana pua ya kuvutia hewa wala mdomo wa kutaja jina lake, kwa sababu kumchora kwenye jeneza alivyokuwa kijana, kama sheria ya kazi inavyotaka, ni kuuchora uso uliopigwa marufuku, na kutomchora ni kumzika kama gogo. Aliishi na swali hilo miaka mitatu, na alifariki mwaka wa arobaini na sita, mwezi wa kwanza wa kupanda, siku ya nane, mchana, akiwa na miaka sitini na mmoja, mkono wake ukiwa juu ya pua.

Siku sabini alizokaa kwa wasafishaji wa miili akikaushwa kwa chumvi, mzee Kenna alikaa na jeneza tupu. Mlituuliza kwa nini limefunikwa shuka, na kwa nini mzee anafanya kazi mlango umefungwa wakati macho yake mnajua yalivyofifia, na sisi tulinyamaza kwa sababu hata sisi hatukuruhusiwa kuingia.

Leo asubuhi, kama wote mlivyoona, mkaguzi wa ikulu alivuka Mto, akaja na kipande cha jiwe chenye uso ule, wa mwisho uliobaki, wanaoutunza ili wajue cha kuvunja. Aliagiza shuka litolewe. Nilisimama hapo nikijua tumekwisha, na mkojo, samahanini wazee, ulikuwa njiani. Shuka likatolewa, na ndipo kwa mara ya kwanza mimi pia nikaona. Mzee Kenna amemchora mkewe mzee. Ameweka makunyanzi yote, la chini ya jicho la kushoto kwanza, ameweka mashavu yaliyoingia ndani, midomo iliyokunjamana, shingo iliyolegea, nywele nyeupe, kitu ambacho hakuna fundi wa kijiji hiki, wala baba zetu, aliyewahi kumfanyia marehemu yeyote. Na katikati ya uso huo ameweka pua, nzima.

Mkaguzi aliweka jiwe lake kando ya jeneza, akatazama huku, akatazama kule, muda ambao mimi nilizeeka.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mke wangu," mzee akasema.

"Mbona umemchora ajuza?"

"Kwa sababu alizeeka."

"Huogopi? Atakaa hivyo milele."

"Alikatazwa kuzeeka maisha yake yote," mzee akasema. "Nimempa ruhusa."

Mkaguzi hakuelewa, na miungu isifiwe kwa hilo. Kisha akageuka akamwona Wabeti amesimama miguuni pa jeneza, ana miaka ishirini na tisa, umri uleule wa mama yake siku aliyoguswa pua, amejipaka tope kuanzia nywele hadi kidevuni, macho tu yanaonekana, akasogea hatua moja, akasema, "Na huyu? Tope lote hilo la nini?" Nofri, ana miaka themanini huyu mama, akaruka kutoka kwenye mkeka. "Mama yake kafa, wewe unataka ajipake wanja? Kwenu mnazika mkiwa mmejipamba?" Mkaguzi akaona haya, akapiga muhuri wake wa ruhusa kwenye udongo, akaondoka, na mashua yake mmeiona ikivuka.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa tabibu wa kundi, aliyesema ukweli, kwa wasafishaji wa miili waliomshika marehemu kwa heshima, kwa mafundi kumi na mmoja walioshika patasi pamoja nami na ambao hatujawahi kulizungumza, na kwa Nofri, ambaye tutampelekea pombe hadi mwisho wa siku zake. Lakini shukrani kubwa ni kwenu, majirani. Karibu miaka arobaini, kila Sikukuu ya Bonde, mlipita mbele ya zile sanamu mmebeba watoto na mashada, mkamwona Hunuro wa nyumba ya tatu na taji kichwani, kisha mkarudi mkamkuta kisimani mkamwomba chumvi, na hakuna hata mmoja wenu, hata aliyegombana naye, hata aliyelewa, aliyefungua mdomo.

Tuna ombi moja tu. Tukitoka kaburini leo siku sabini zinakwisha, na kwa mila yetu wanawake wataoga kisimani tope litoke, mbele ya wote. Wabeti naye ataoga. Mtauona uso ule unahema, wa mwisho katika nchi nzima ukiondoa lile jiwe la mkaguzi, na ninawaomba, kwa maisha ya mke wangu, mmtazame kama mlivyomtazama mama yake, kisha mmwombe chumvi.

Ndugu zangu, kinywa cha marehemu kiko tayari kufunguliwa, na safari hii ni kinywa chake mwenyewe. Mama, amri imekwisha, pua unayo. Vuta hewa, zeeka utakavyo, ulale salama.

Leteni maji ya kuoshea jiwe hili.